Nani Anakunywa Chini Yetu?

Mito ya Usambara huteremka kwa haraka, na kila tunachokiachia majini humfikia mama mwingine. Mwezi huu tunatazama jinsi mji unavyouchafua mto wake, jinsi unavyoweza kuuokoa, na sehemu ya kazi hiyo iliyo mikononi mwetu sisi akina mama.

Ukishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, barabara na mto huenda pamoja kama ndugu wawili. Mara mto uko kulia, mara uko kushoto, mara umepotea kwenye korongo na unasikia sauti yake tu. Pale Soni maji huanguka kwa kishindo kwenye maporomoko ambayo wasafiri husimama kuyatazama. Ni kilometa 33 hivi kutoka Lushoto hadi Mombo, lakini katika mwendo huo mfupi maji hushuka karibu mita 1,000.

Wasafiri huona uzuri wa maji hayo. Sisi tulio na watoto wadogo tuna sababu ya kujiuliza swali jingine: maji yale yanayopita chini ya nyumba zetu, ni nani atakayeyateka kesho?

Jibu tunalijua. Kuna mama wa Soni, na chini yake yuko mama wa Mombo, ambako maji ya mlimani humwagilia mashamba ya mpunga. Kutoka hapo maji huingia Mto Mkomazi, kisha Mto Pangani karibu na Korogwe, na mwisho bahari. Upande wa kaskazini wa milima, Mto Umba huvuka mpaka na kuingia Kenya. Upande wa mashariki, Mto Zigi hutoka kwenye misitu ya Amani na kujaza bwawa la Mabayani, ambalo ndilo linalowanywesha watu wa jiji la Tanga. Tukiwa juu mlimani, karibu kila mtu yuko chini yetu.

Mto huchafuka kimya kimya

Wengi wetu tukisikia habari za kuchafua mto tunamfikiria mtu mwenye tabia mbaya anayebeba taka na kuzimwaga majini. Watu wa namna hiyo wapo. Lakini uchafu mwingi wa vyooni hufika mtoni kutoka kwa watu wema, wenye vyoo vinavyofagiliwa kila asubuhi.

Choo cha shimo hufanya kazi kwa sababu udongo huyanyonya maji na kuyachuja. Maji yakisafiri polepole ndani ya udongo, vijidudu vingi hufa njiani. Lakini shimo likichimbwa karibu na mto au chemchemi, au chini yake kukiwa na maji ya ardhini, safari hiyo ni fupi mno. Vijidudu hufika vikiwa hai. Hapo ndipo hutoka kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na minyoo.

Nyumba zenye karo zina hatari yake pia. Karo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni tangi ambamo uchafu mzito hutuama chini. Ya pili ni shimo la kunyonyea, ambamo maji yaliyobaki huzama ardhini. Mwenye nyumba akikaa miaka mingi bila kuondoa tope, tangi hujaa, uchafu mzito hupita mpaka kwenye shimo la kunyonyea na kuliziba. Kisha maji machafu hutokeza juu ya ardhi. Mahali penye tambarare yangetuama uani na kunuka, na jirani angelalamika. Mlimani hayatuami. Hushuka kwenye mtaro, mtaro hushuka mtoni, na mwenye nyumba haoni kitu wala hasikii harufu.

Mvua za masika zinapofika, kuanzia Machi mpaka Mei, hali huwa mbaya zaidi. Maji ya mvua huingia kwenye mashimo yasiyojengewa, na shimo lililokuwa limejaa nusu hufurika usiku mmoja. Bila mtu yeyote kukusudia, mto hupokea uchafu wa mtaa mzima.

Tena kuna jambo la ardhi. Milimani mahali pa kujenga ni pachache. Mtu akipata kipande kilicho sawa kando ya kijito, hujenga hapo nyumba, duka, nyumba ya wageni, na choo hukaa nyuma, upande wa maji. Mji mdogo ukikua kwa namna hiyo, siku moja hugeuka na kukuta kwamba umeupa mto mgongo, na kwamba vyoo vyake vyote vinautazama.

Nepi za mtoto mmoja

Jambo hili si geni, wala si la nchi maskini peke yake. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa mmoja wa London, Uingereza, uitwao Broad Street. Katika muda mfupi zaidi ya watu 600 walikufa. Wakati huo wenye elimu wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa mbaya. Daktari mmoja, John Snow, alishuku maji ya kisima cha pampu kilichokuwa mtaani hapo, na kwa ushauri wake mkono wa pampu uliondolewa.

Aliyesaidia kupata chanzo chenyewe alikuwa mchungaji kijana wa mtaa huo, Henry Whitehead. Mwanzoni hakukubaliana na daktari. Lakini kwa kuwa alizifahamu nyumba za waumini wake, alikwenda mlango kwa mlango akiuliza maswali. Aligundua kwamba katika nyumba iliyokuwa jirani na kisima, mtoto mchanga alikuwa ameugua kabla ya watu wengine. Mama yake alikuwa akiloweka nepi zake kwenye ndoo na kumwaga maji yake kwenye shimo la uchafu mbele ya nyumba. Shimo lile lilipochimbuliwa, kuta zake za matofali zilikutwa zimeoza. Kutoka hapo mpaka kwenye kisima haikufika hata mita moja.

Tunaisimulia habari hii kwa sababu kila mmoja wetu anajiona ndani yake. Yule mama alifanya kile ambacho sisi sote tumekifanya: mtoto anaumwa, unafua, unamwaga maji mahali pa kumwagia. Hakuwa mchafu wala mzembe. Mtoto wake alikufa, na hakujua kwamba chini ya miguu yake shimo na kisima vilikuwa vimekutana. Kosa lilikuwa la mji uliojenga vitu hivyo viwili pamoja na kumwachia mama mwenye mtoto mgonjwa abahatishe.

Bomba linalokwenda kando ya mto

Miaka 4 baadaye, katika kiangazi cha 1858, Mto Thames ulinuka kiasi kwamba wabunge walishindwa kukaa katika jengo lao lililo ukingoni. Ndipo fedha zilipopatikana upesi. Mhandisi Joseph Bazalgette alipewa kazi. Hakujaribu kuifuata kila nyumba. Aliona kwamba mitaro yote ya mji inateremka kuelekea mtoni, basi akajenga mabomba makubwa kando ya mto, pande zote mbili, ili yaikate mitaro hiyo kabla haijafika majini na kuupeleka uchafu mbali kwa mteremko wake wenyewe. Mabomba hayo makuu yalipita kilometa 130 kwa jumla. Sehemu ya ukingo wa Thames wanapotembea watalii leo ni kifuniko cha kazi hiyo.

Hilo ndilo wazo zima. Mto uko mahali pa chini kabisa, kwa hiyo kila uchafu huufuata. Ukiweka bomba kuu kando yake, bomba hupokea kile ambacho mto ungepokea.

Lakini kazi ile ilikuwa na kasoro mbili, na zote zinatufaa kuzijua. Kwanza, hapo mwanzo uchafu haukusafishwa. Uliachiwa mtoni upande wa mashariki, nje ya mji, kwa watu waliokaa chini zaidi. London ilipata nafuu, na jirani yake akapata taabu. Pili, bomba moja lilibeba majitaka pamoja na maji ya mvua. Mji ulipokua, mvua ya kawaida ilitosha kulijaza, na yaliyozidi yakamwagika mtoni. Ilibidi London ichimbe upya. Ujenzi wa bomba kubwa la chini ya ardhi lenye urefu wa kilometa 25 ulianza 2016, na mwaka 2025 ndipo lilipounganishwa lote. Mji tajiri ulihitaji zaidi ya miaka 150 kurekebisha kile ambacho hakikutenganishwa mwanzoni.

Msimbazi, walikokwenda watoto wetu

Malori ya kabichi, karoti na nyanya hutoka Lushoto kwenda Dar es Salaam, na vijana wetu huenda kwa njia hiyo hiyo. Basi tukitaka kuona mto uliochelewa kusaidiwa, hatuna haja ya kuvuka bahari.

Mto Msimbazi hutoka kwenye vilima vya Pugu, hupita katikati ya Dar es Salaam, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salender. Sehemu kubwa ya wakazi wa jiji hawajaunganishwa na mabomba ya majitaka. Wanatumia vyoo vya shimo na makaro. Gari la kunyonya choo hugharimu fedha, na katika mitaa iliyobanana halina njia ya kupita. Kwa hiyo kuna desturi ambayo watu wa mabondeni wanaifahamu kwa jina: kutapisha choo. Mvua kubwa ikinyesha, mwenye nyumba hufungua shimo lake upande mmoja ili mafuriko yaondoke na uchafu. Nyumba yake inapona. Nyumba ya chini inapokea.

Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua zaidi ya watu 40, na bonde la Msimbazi lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Mwaka 2015, kuanzia Agosti, kipindupindu kilianzia Dar es Salaam na kusambaa mikoani. Hadi Aprili 2016 wagonjwa nchini walikuwa wamepita 20,000, na waliokufa walikuwa zaidi ya 300. Hatusemi kwamba mto mmoja ndio ulioleta maradhi hayo. Tunasema kwamba mahali ambapo kinyesi na maji ya kunywa vinaweza kukutana, ugonjwa ukiingia hauna wa kuuzuia.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi. Mpango wake ni kupanua njia ya mto, kuinua kingo, kujenga daraja jipya la Jangwani na kugeuza sehemu ya chini ya bonde kuwa bustani ya jiji. Ni kazi kubwa na njema. Lakini tazama gharama iliyojificha ndani yake: maelfu ya watu wa bondeni hawana budi kuhama. Wamo wajane waliojenga chumba kimoja kimoja kwa fedha za maandazi. Wapo waliozaliwa pale. Fidia hulipwa, ila jirani uliyemzoea kwa miaka 30 hawezi kulipwa kwa fidia.

Nairobi nako ni vivyo hivyo. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilianzisha mpango mpya wa kufufua mito ya Nairobi, ukiwemo ujenzi wa mabomba makuu ya majitaka kandokando ya mito. Si mara ya kwanza mito hiyo kushughulikiwa. Kila mara kazi huwa ngumu kuliko mara iliyotangulia, kwa kuwa kila mwaka nyumba huongezeka ukingoni.

Hapo ndipo tunapoona jambo ambalo miji midogo ya Usambara inapaswa kulishika. Lushoto, Soni, Bumbuli, Mlalo na Mombo bado ni mahali ambapo ukingo wa mto unaweza kupangwa. Leo njia ya bomba inaweza kutengwa kwa kamba na vigingi. Baada ya miaka 30 itabidi itengwe kwa kubomoa.

Mlima wenyewe ni msaada

Watu wa tambarare hununua pampu za kusukuma majitaka, na umeme ukikatika uchafu hufurika. Milimani maji hushuka yenyewe. Bomba lililolazwa kando ya kijito, juu ya kiwango cha mafuriko, linaweza kukusanya majitaka ya soko, shule, zahanati na nyumba za wageni na kuyashusha mpaka mahali palipo sawa bila gharama ya umeme.

Yakifika huko lazima yasafishwe, tusije tukafanya kama London ya kwanza. Njia rahisi ni mabwawa ya majitaka. Maji hukaa katika bwawa la kwanza, la pili, la tatu, na kwa siku nyingi jua, hewa na viumbe wadogo hula uchafu na kuua vijidudu. Mji wa Moshi hutumia mabwawa ya namna hiyo. Mahali padogo panafaa bwawa la matete: shimo pana lisilovuja, lililojazwa kokoto na kupandwa matete, ambamo majitaka yaliyokwisha kutuama hupita polepole kati ya mizizi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa mabwawa hayo kwa miaka mingi, na moja lilijengwa katika Shule ya Sekondari Ruaha, mjini Iringa. Kwa shule ya bweni au hospitali iliyoko mlimani, hilo ni jambo linalowezekana.

Maji ya mvua nayo yapewe mtaro wake, mbali na bomba la majitaka. Hilo tumeliona London.

Lakini bomba na bwawa vinahitaji kuendeshwa. Bwawa lisiloondolewa tope hujaa, na matete yasiyokatwa huoza majini. Mradi ukijengwa bila kutenga fedha za fundi na za matengenezo, baada ya miaka michache utakuwa shimo jingine linalofurika.

Fedha hizo zitatoka wapi? Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, ilifanya jambo jipya. Iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, yaani ilikopa kwa wananchi na mashirika kwa ahadi ya kuwalipa faida kila mwaka kwa miaka 10, ili ijenge miundombinu ya maji na kulinda mazingira yake. Fedha zote zilizotafutwa zilipatikana. Mji mdogo hauwezi kukopa kiasi hicho. Hata hivyo, hilo linatuonyesha kwamba watu huweka fedha zao kwenye maji wakiamini kwamba zitatunzwa.

Tanga ina somo jingine kutoka milimani. Wakulima wa bonde la Zigi, katika Usambara Mashariki, waliunda umoja wao uitwao UWAMAKIZI wa kulinda kingo za mto, na watu wa mjini wanaokunywa maji hayo wameshirikiana nao. Aliye chini humsaidia aliye juu, kwa kuwa maisha yake yametoka kwake.

Mita 60 na bustani ya mjane

Kuna jambo gumu hapa, na tusilipite kimya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwenye nchi tambarare mita 60 si kitu. Kwenye mabonde membamba ya Usambara, mita 60 huweza kuwa shamba lote la familia. Na shamba lile la bondeni, lenye unyevu mwaka mzima, mara nyingi ndilo linalolipa ada za shule. Anayelilima kila siku ni mama.

Tukisema tu, "Sheria ifuatwe," tunamwondoa mjane kwenye bustani yake. Tukisema, "Tumwonee huruma," tunamwacha mama wa Mombo anywe kilichooshwa kutoka kwenye bustani ile na kwenye choo kilicho juu yake. Huruma ya kweli inawatazama wote wawili.

Wazee wetu wana kumbukumbu ya jambo hili. Baada ya 1946 serikali ya Waingereza ililazimisha watu wa Mlalo na kwingineko Usambara walime matuta kwa amri. Akina mama ndio waliobeba mzigo mkubwa wa jembe, watu wakachukia, na mpango ule ulivunjika. Baadaye, kuanzia 1981, mradi wa SECAP uliwaendea wakulima wa Lushoto kwa njia nyingine: majani ya Guatemala na mabingobingo yalipandwa kwenye kingo za mashamba, udongo ukashikwa, na ng'ombe wakapata malisho. Kinachomlinda mkulima na kumlisha hudumu. Ukingo wa mto nao uende hivyo. Vyoo na makaro vihamishwe kwanza, maana hivyo havina utetezi. Kisha ukanda wa majani uanze kwenye maji na kupanuka mwaka hadi mwaka, na mwenye bustani asaidiwe kupata namna nyingine ya kipato kabla ya kuambiwa aondoke.

Amri ya kale ya usafi

Baadhi yetu huona haya kuzungumza habari za choo mbele ya watu. Biblia haikuona haya. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, Waisraeli waliagizwa watenge mahali nje ya kambi, na kila mtu awe na chombo cha kuchimbia ili aufukie uchafu wake. Kambi nzima ilipangwa kwa kulizingatia jambo hilo dogo. Nchi yetu nayo imelisema wazi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwaleta pamoja watu wapatao milioni 2 katika vikundi, wakisikiliza redio na kisha kuchimba vyoo na kusafisha visima. Kampeni ya Nyumba ni Choo, iliyoanza mwishoni mwa 2017, iliendeleza kazi hiyo. Kuchimba choo tumefundishwa. Linalofuata ni kujua yaliyomo chooni yanakwenda wapi.

Tufanye nini wiki hii?

Bomba kuu linajengwa na serikali. Lakini serikali hujenga mahali watu wanapouliza. Na yapo mambo yasiyongoja serikali.

1. Pima. Kutoka choo chako mpaka chemchemi, kisima au kijito kilicho karibu, kuwe na angalau mita 30. Hesabu hatua ndefu 30. Choo kisiwe juu ya chemchemi hata kama kiko mbali, na chini ya shimo pabaki angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu.

2. Jengea mdomo wa shimo. Inua sakafu ya choo juu ya ardhi na chimba mfereji mdogo upande wa juu, ili maji ya mvua yapite pembeni.

3. Fungua karo kabla ya masika. Kama tope limefika nusu ya tangi, liondolewe kabla mvua haijaanza. Mkiungana nyumba tatu au nne kuliita gari, gharama itapungua.

4. Maji ya nepi yaingie chooni. Usiyamwage kwenye mtaro wala kijitoni. Kinyesi cha mtoto mchanga kina vijidudu kama cha mtu mzima.

5. Osheni mboga kwa maji safi. Mama anayeuza kabichi na karoti asizioshe kwenye mto ulio chini ya mji. Mboga inayoliwa mbichi, kama kachumbari, inahitaji uangalifu zaidi.

6. Jengeeni chemchemi. Chemchemi iliyojengewa kwa saruji, yenye bomba la kutolea maji na uzio wa kuzuia mifugo, ni kazi ambayo kikundi cha akina mama kinaweza kuianza pamoja na fundi. Mikaratusi isipandwe hapo, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Kisha twendeni kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, vijijini kuna vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii vinavyosimamiwa na RUWASA. Wanawake wana nafasi humo. Mara nyingi tunaochota maji ni sisi, na wanaozungumza juu ya maji ni baba zetu na waume zetu. Tusiende kugombana. Twende na maswali manne, tena tuombe yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano:

Je, majitaka ya soko, shule na zahanati yetu yanakwenda wapi? Je, kando ya mto wetu kuna ukanda uliotengwa kwa ajili ya bomba siku zijazo, na mipaka yake iko wapi? Je, bwana afya au bibi afya amekagua vyoo vilivyo karibu na maji mwaka huu? Na mwenye choo kinachopaswa kuhamishwa akiwa hana uwezo, nani atamsaidia kuchimba?

Swali la nne tunaweza kulijibu wenyewe. Katika kila mtaa kuna bibi anayeishi peke yake, na choo chake kimeinamia kijito. Anajua kwamba si vizuri, ila hana nguvu za kuchimba kingine. Vijana wa jumuiya wakitoa Jumamosi moja, na kila mama akileta kidogo cha saruji au chakula cha wachimbaji, shimo jipya litakuwa tayari kabla ya jioni, mbali na maji. Mama wa Mombo hatajua kwamba tulifanya hivyo. Wanawe watakunywa, na masika yatapita.